Mtoto akiuliza: kwa nini watu hubusiana?

Ndugu msomaji, leo ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala kuhara. Unazungumzia swali la mtoto. Ni swali dogo, lakini wazazi wengi hulikimbia kama wanavyomkimbia fisi usiku. Swali lenyewe ni hili: "Mama, kwa nini wale watu wanabusiana?"

Mtoto haokoti swali hili hewani. Amemwona bwana harusi akimbusu bibi harusi mbele ya watu. Amechungulia kwenye banda la video pale senta. Ameona picha kwenye simu ya kaka yake. Amemwona shangazi aliyekuja na basi kutoka mjini akimbusu mtoto mchanga shavuni. Mtoto ameona, naye anataka kujua maana yake.

Sasa tuyatazame majibu yetu. "Nyamaza!" "Hayo ni mambo ya wakubwa." "Ukirudia kuuliza nitakuchapa." Mtoto hunyamaza, lakini kunyamaza si kusahau. Amejifunza somo moja, kwamba mambo ya mwili hayaulizwi nyumbani. Kesho mtu mzima akimfanyia jambo baya, atanyamaza vilevile, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kunyamaza.

Ndugu msomaji, kumjibu mtoto swali la busu ni kinga, kama chandarua kilivyo kinga ya mbu. Mtoto aliyejibiwa vizuri anajua busu la upendo likoje, na anajua lipi si la upendo. Pia ana maneno ya kusema, na ana mtu wa kumwambia.

Aibu inaweza kushindwa

Wengine watasema, "Sisi hapa Ushetu hatuna desturi ya kuzungumza mambo hayo na watoto." Ni kweli aibu ina nafasi yake, na adabu ni kitu kizuri. Lakini tukumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu na kujadiliana. Walizungumza juu ya nini? Pamoja na mambo mengine, walizungumza juu ya choo. Wakati huo zilikuwapo familia ambazo kutaja choo mbele ya mkwe lilikuwa jambo la aibu kubwa. Hata hivyo watu walizungumza, wakachimba vyoo vingi, na hakuna ukoo uliovunjika kwa sababu hiyo.

Tena babu na bibi zetu hawakuwaacha watoto gizani. Bibi alikuwa na utani na wajukuu wake. Jioni, akimenya karanga au akiota moto, aliwaambia wajukuu mambo ambayo mama aliona haya kuyasema. Siku hizi watoto wengi hawalali tena kwa bibi. Wazazi wamehamia penye machimbo, au bibi amebaki kijiji kingine. Kazi ya bibi imebaki bila mtu, na banda la video limeichukua.

Busu ni nini?

Kabla ya kumjibu mtoto, tujue sisi wenyewe. Busu ni kugusa kwa midomo ili kuonyesha upendo, heshima au furaha. Si jambo jipya duniani. Maandishi ya kale ya Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraq, yalitaja busu miaka 4,500 hivi iliyopita. Hata wanyama wanalo. Mtafiti Jane Goodall, aliyeanza kazi mwaka 1960 huko Gombe, mkoani Kigoma, aliwaona sokwe wakikumbatiana na kubusiana, hasa walipokutana baada ya kutengana.

Lakini si watu wote wana desturi moja. Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wa jamii 168 za dunia. Walikuta kwamba wapenzi hubusiana mdomo kwa mdomo katika asilimia 46 tu ya jamii hizo. Zilizobaki zina njia nyingine za kuonyesha mapenzi. Kwa hiyo mtu asiyembusu mwenzake hana upungufu, na anayembusu hana wazimu.

Hata hapa Tanzania tunatofautiana. Pwani na Visiwani mtoto humwamkia mzee "shikamoo", na wapo wanaombusu mzee mkono kwa heshima. Kwetu huku binti hupiga goti, mvulana huinama kidogo, na asubuhi tunasalimiana "wangaluka". Mikono, goti na midomo vyote vinaweza kusema neno moja: nakuheshimu, nakupenda.

Mjibu kwa umri wake

Mtoto haulizi ili apewe somo zima. Anauliza kitu kimoja, naye apewe kitu kimoja, tena cha kweli. Akitaka zaidi atauliza tena.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anatosheka na jibu fupi: "Wanabusiana kwa sababu wanapendana." Basi. Atarudi kwenye mchezo wake.

Mtoto wa miaka 6 hadi 9 ataendelea kuuliza. Tuseme mama anapepeta mahindi na binti yake yuko karibu. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama, kwa nini bwana harusi alimbusu bibi harusi?"

"Kwa sababu anampenda, mwanangu. Amewaonyesha watu wote kwamba sasa huyu ni mke wake."

"Mbona wewe na baba hambusiani?"

"Sisi tuna njia zetu. Baba yako akienda Kahama haniletei kitenge? Nami simwekei maji ya kuoga akirudi shambani? Huko nako ni kupendana."

"Mtu akibusiwa anapata mtoto?"

"Hapana. Busu halileti mtoto. Ukikua kidogo zaidi nitakueleza mtoto anavyopatikana. Na ukisikia mtu anakueleza mambo hayo, njoo uniulize mimi."

Angalia, msomaji, mama huyu hakutoa siri ya chumbani wala hakudanganya. Mwisho aliacha mlango wazi.

Mtoto wa miaka 10 na kuendelea anahitaji zaidi, kwa sababu mwili wake unaanza kubadilika. Mweleze kwamba mimba hupatikana mwanamume na mwanamke wanapojamiiana, mbegu ya mwanamume ikakutana na yai la mwanamke. Mweleze kwamba busu la wapenzi huamsha tamaa ya mwili, na ndiyo maana ni jambo la watu wazima waliokubaliana. Mwambie hivyo hivyo mtoto wa kike na mtoto wa kiume. Mvulana asiyeelezwa nyumbani ataelezwa na vijana wa kijiweni, na maelezo yao tunayajua.

Uongo una hasara

Wapo wazazi wanaotaka kumlinda binti kwa kumtisha: "Mvulana akikubusu tu, utapata mimba." Au: "Ukibusiwa utapata UKIMWI." Nia yao ni nzuri, lakini tuone matokeo yake. Siku binti atakapobusiwa na mimba isije, atasema moyoni, "Kumbe mama alidanganya." Baada ya hapo hata yale ya kweli uliyomwambia hatayaamini. Au itakuwa kinyume. Atabusiwa kwa nguvu na mtu njiani, ataogopa kwamba ana mimba, na kwa hofu atamficha mama yake jambo hilo. Anayefaidika ni yule mtu wa njiani.

Mate, midomo na magonjwa

Sasa tuje kwenye upande wa afya. Mdomo wa kila mtu una vijidudu vingi. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walipima busu la mdomo kwa mdomo la sekunde 10, wakakadiria kwamba vijidudu milioni 80 huhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Msomaji asishtuke. Wengi wa vijidudu hao hawana madhara. Lakini yapo mambo ya kuangalia.

Kwanza, malengelenge ya mdomoni. Ni vipele vidogo vyenye maji vinavyotoka pembeni mwa mdomo, na watu husema "homa imetokea mdomoni". Husababishwa na virusi, na zaidi ya nusu ya watu wa dunia wenye umri chini ya miaka 50 wanavyo virusi hivyo. Wengi walivipata utotoni kutoka kwa watu wa nyumbani. Kwa hiyo si ugonjwa wa aibu. Lakini kwa mtoto mchanga ni hatari, kwa sababu virusi hivyo vinaweza kuingia hadi kwenye ubongo na kumwua. Mtu mwenye malengelenge asimbusu mtoto mchanga hata kama ni baba yake mzazi. Asubiri mpaka yapone na ngozi ikauke kabisa.

Pili, mafua na kikohozi. Mwenye mafua akae mbali na uso wa mtoto mchanga. Wageni wanaokuja kumwona mtoto wanawe mikono kwa sabuni. Wanaotaka kumbusu wambusu miguuni, si mdomoni.

Tatu, kumtafunia mtoto chakula. Wapo walezi wanaotafuna chakula kisha wakamlisha mtoto. Ponda chakula hicho kwa kijiko kwenye bakuli safi. Mlezi mwenye vidonda au fizi zinazotoka damu anaweza kumwambukiza mtoto kwa njia hiyo.

Nne, kifua kikuu. Ugonjwa huu upo sana penye machimbo, kwa sababu vumbi la mawe huharibu mapafu. Huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi aende kupima makohozi. Dawa zipo na hutolewa bure.

Tano, UKIMWI. Hapa tusikie vizuri. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa mate. Kumbusu shavuni mtu mwenye virusi hivyo, kumkumbatia au kula naye sahani moja hakuambukizi. Mtoto anayeishi na VVU asinyimwe busu la bibi yake. Anahitaji dawa zake kila siku, na anahitaji upendo kama watoto wengine.

Kusalimia ni wajibu, kubusiwa si wajibu

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa kuliko yote. Mfundishe mtoto kwamba mwili wake ni wake. Salamu ni adabu, naye lazima awaamkie wakubwa. Lakini kubusiwa, kukumbatiwa na kupakatwa si lazima. Mjomba akisema, "Njoo unibusu," na mtoto akarudi nyuma, usimsukume mbele. Usiseme, "Huyu mtoto hana adabu." Sema, "Mwamkie mjomba kwa mkono, inatosha." Mjomba mwenye nia njema hataona vibaya.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Mtu anayetaka kumharibu mtoto mara nyingi haanzi na jambo kubwa. Huanza na pipi, andazi, soda, au lifti ya pikipiki kutoka shule. Kisha huomba busu. Kisha husema, "Hii ni siri yetu, usimwambie mama." Mara nyingi mtu huyo si mgeni. Anaweza kuwa jirani, ndugu, mpangaji, kibarua wa shambani, hata mtu anayeheshimiwa kijijini.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Wasichana karibu 3 kati ya kila 10, na wavulana kama 1 kati ya kila 7, walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Msomaji ahesabu watoto wa darasa moja la kijiji chake, apate picha.

Huku kwetu kuna nyakati za kuwa macho zaidi. Wakati wa kukausha tumbaku, mzazi hukesha kwenye bani akitunza moto, na watoto hubaki peke yao nyumbani. Ikisikika rashi ya dhahabu, kijiji hujaa wageni kwa siku chache, nao watoto hutumwa usiku kuuza karanga na mayai. Na mvulana anayechunga ng'ombe hushinda porini peke yake. Tusidhani ukatili huu huwapata wasichana tu.

Mfundishe mtoto mambo matatu: "Sitaki", kisha "Nitasema", kisha akimbie mahali penye watu. Mwambie pia hivi: "Mtu akikugusa au kukubusu na wewe usipende, njoo uniambie. Hata kama ulipokea pipi yake, sitakuchapa." Hayo maneno ya mwisho usiyasahau. Watoto wengi huficha kwa sababu walipokea kitu na wanaogopa fimbo.

Jambo baya likitokea

Ikiwa mtoto amekuambia kwamba amebakwa, amelawitiwa au ameshikwashikwa, fanya hivi:

1. Msikilize na umwamini. Mwambie, "Umefanya vizuri kusema. Si kosa lako."

2. Mpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja, usingoje kesho. Dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Kama zahanati yenu haina dawa hizo, mganga atawaelekeza mahali zilipo.

3. Usimwogeshe wala usifue nguo zake kabla hajaonwa. Zitie kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa safi, uende nazo.

4. Toa taarifa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe fomu ya PF3. Lakini matibabu ya haraka yasisubiri fomu. Unaweza pia kumwambia mtendaji wa kijiji au ofisa wa ustawi wa jamii, au kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na haitozwi pesa.

5. Usikubali kumaliza mambo kwa ng'ombe au fedha. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na sheria za nchi huwaadhibu vikali wanaomharibu mtoto. Ng'ombe wa fidia huingia zizini kwa baba, lakini mtoto hubaki na maumivu yake, na mkosaji hubaki na nafasi ya kumtafuta mwingine.

Neno lake lisikike

Mkoa wetu una historia ngumu katika jambo hili. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010, kabla mkoa wa Shinyanga haujagawanywa, ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa mkoa huo wenye miaka 20 hadi 24, wanawake 59 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14, ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo.

Msomaji atauliza, ndoa za utotoni zinahusianaje na busu? Zinahusiana sana. Binti aliyelazimishwa kubusiwa akiwa na miaka 6, akaambiwa kukataa ni utovu wa adabu, atapata wapi ulimi wa kukataa mahari akiwa na miaka 14? Neno "sitaki" hujifunzwa udogoni, na nyumbani ndiko linakoanza kuheshimiwa au kudharauliwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtoto akikuuliza kwa nini watu hubusiana, usimfukuze. Weka ungo chini. Mjibu kwa upole, kwa kifupi na kwa ukweli. Hata kama swali limekuja mbele ya wageni, sema, "Umeuliza vizuri, nitakujibu jioni." Kisha jioni ikifika, mjibu kweli. Mtoto hukumbuka ahadi.

Maswali ya kujadiliana darasani au nyumbani

1. Watoto wa kijiji chetu huona wapi watu wakibusiana? Huwa tunawajibu nini?

2. Zamani mababu na mabibi waliwafundishaje wajukuu mambo ya mwili? Ni nani kijijini kwetu anaweza kufanya kazi hiyo leo?

3. Kwa nini mtu mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto mchanga?

4. Mtoto akikataa kupakatwa na mgeni, mzazi aseme nini ili mtoto alindwe na mgeni asione vibaya?

5. Wakati wa kukausha tumbaku na wakati wa rashi, tunaweza kupanga zamu gani ya kuwaangalia watoto wetu?